Mtoto mwenye mahitaji maalumu katika darasa la kawaida: kujumuisha kunaanzia kwenye andalio la somo

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Hisabati katika darasa la kawaida lenye wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na nimeuleta uzi huu kwa sababu mijadala yetu kuhusu elimu jumuishi huishia mara nyingi kwenye swali moja, yaani kama mtoto fulani "anaweza" au "hawezi" kusoma pamoja na wenzake. Swali hilo linampima mtoto na kuiacha kazi aliyopewa bila kupimwa, ilhali mara nyingi kinachomkwamisha ni namna somo lilivyofikishwa kwake. Msimamo wangu ni kwamba kujumuisha hufanyika mwalimu anapoandaa somo, kabla kengele haijalia, na kwamba mtoto aliyeletwa darasani pasipo andalio la somo kubadilika amehamishwa chumba tu.

Msimamo huu una msingi katika nyaraka ambazo nchi nyingi zimezikubali. Tamko la Salamanca la Juni 1994, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa waliokutana katika mji huo wa Hispania, lilizitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, ukaifanya elimu jumuishi kuwa haki kupitia Ibara ya 24. Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi wa ibara hiyo na kutofautisha hali nne: mtoto kunyimwa elimu kabisa, kusomeshwa kando katika mazingira yaliyotengwa kwa ajili ya wenye ulemavu, kuwekwa katika shule ya kawaida kwa sharti kwamba ajizoeshe na taratibu zilizopo, na kujumuishwa, ambako shule yenyewe hubadili mtaala, mbinu na mazingira yake. Nionavyo, shule nyingi zinazojiita jumuishi ziko katika hali ya tatu na huandika ripoti za hali ya nne.

Tuchukue mfano mdogo wa mlinganyo 3x + 5 = 20. Mwalimu anauandika ubaoni, anaelekeza kidole na kusema, "Hii tunaihamishia huku, kisha tunagawanya kwa hii, tunapata hiki." Mwanafunzi mwenye uoni hafifu aliyeketishwa safu ya mbele, ambako shule inaamini imemaliza wajibu wake, amesikia kila neno na hajapata chochote, kwa kuwa maana yote ilibebwa na kidole. Mwalimu huyohuyo angeweza kusema, "Tatu eksi jumlisha tano ni sawa na ishirini. Tunatoa tano kila upande, inabaki tatu eksi sawa na kumi na tano. Tunagawanya kila upande kwa tatu, eksi ni tano." Maelezo haya hayahitaji kifaa wala bajeti. Zaidi ya hayo, yanawasaidia wanafunzi wanaoona vizuri, kwa sababu neno "kuhamisha" huificha hesabu yenyewe, na wengi huja kugundua mwaka unaofuata kwamba hawakuwahi kuelewa kwa nini alama ilibadilika. Mwalimu aliyejiandaa kwa ajili ya mmoja amefundisha vizuri zaidi kwa wote.

Uoni hafifu wenyewe hutofautiana sana. Mwanafunzi mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali, hivyo kiti kilicho karibu na dirisha kinaweza kuwa kibaya kwake kuliko cha nyuma. Mwingine huona katikati tu ya uwanja wake wa macho, na karatasi yenye herufi kubwa mno humpotezea mstari. Ukubwa wa herufi unapaswa kuamuliwa kwa kumpa maandishi ya ukubwa tofauti na kumsikiliza akisoma. Kukisia hakutoshi.

Jambo la pili ni muda. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kulijibu wenyewe, na kwamba wakisubiri angalau sekunde tatu majibu huwa marefu na wanafunzi waliokuwa kimya huanza kuchangia. Sasa mfikirie mwanafunzi mwenye mtindio wa ubongo, ambaye akili yake imeshapata jibu lakini misuli ya kinywa inahitaji muda kulitoa, au mwenye usonji ambaye bado anaichambua sentensi ya swali. Kwa sekunde moja wote wawili wataandikwa kuwa "hawashiriki". Mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi wa namna hiyo swali lake mapema, tangu mwanzo wa kipindi, akimwambia kwamba ataulizwa hilo baada ya zoezi la kwanza. Ni hatua ndogo, na bado inahitaji kuwa kwenye andalio, kwa sababu katikati ya kipindi hakuna anayekumbuka.

Jambo la tatu ndilo ninalotaka tulijadili kwa kina, nalo ni mwalimu msaidizi. Wazazi humwomba, shule humtafuta, na akipatikana kila mtu hupumua. Lakini uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Wales kati ya mwaka 2003 na 2008 ukiongozwa na Peter Blatchford, uliohusisha zaidi ya wanafunzi 8,000, ulikuta kwamba wanafunzi waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa kiwango kilekile waliosaidiwa kidogo. Watafiti walizingatia kiwango cha awali na aina ya mahitaji, kwa hiyo haitoshi kusema kwamba waliosaidiwa ndio waliokuwa dhaifu. Sababu walizozieleza zinafahamika kwa yeyote aliyewahi kuketi nyuma ya darasa: msaidizi aliingia kipindini bila kuambiwa lengo la somo, akajikita katika kuhakikisha kazi inamalizika, na mwalimu mwenye taaluma akapunguza kuzungumza na mtoto kwa kuwa "ana mtu wake". Michael Giangreco wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake walikuwa wameshaeleza jambo linalofanana mwaka 1997, wakionyesha jinsi ukaribu wa mtu mzima usiokatika unavyomtenga mtoto na wenzake na kumfanya angoje kuambiwa.

Hapo ndipo ninapouliza: je, msaidizi anapaswa kuwa wa mtoto au wa darasa? Ningependa kusikia kutoka kwa walimu, wazazi, na hasa wale waliosoma wakiwa na ulemavu.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu mwenzangu, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kuhusu kidole na ubao. Hata hivyo, uzi wako unasomeka kana kwamba kila mwalimu ana muda wa kuandaa vipindi vyake akiwa ametulia. Mimi ninaingia vipindi vinavyofuatana bila nafasi katikati, darasa limejaa, na miongoni mwa wanafunzi wangu yumo mmoja anayepiga meza, kupiga kelele na kutoka mbio nje bila taarifa. Akitoka, nimfuate yeye au nibaki na waliobaki? Andalio zuri la somo halijibu swali hilo.

Nina wasiwasi mwingine ambao hausemwi waziwazi. Watunga sera wanaipenda elimu jumuishi kwa sababu inaonekana ya bei nafuu. Shule maalumu inafungwa, walimu wake wenye utaalamu wanatawanywa, watoto wanagawanywa katika shule za kawaida, kisha tunaambiwa kwamba haki imetendeka. Mary Warnock, ambaye kamati yake ya mwaka 1978 iliweka msingi wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 kuhusu watoto hawa, aliandika mwaka 2005 akikosoa namna ujumuishaji ulivyotekelezwa. Alisisitiza kwamba cha maana ni mtoto kushirikishwa katika kazi ya kujifunza, popote anapojifunzia vizuri, na kwamba kuwa chini ya paa moja na wenzake hakutoshi. Ikiwa yeye alifika huko, basi sisi tulio darasani tusilaumiwe tukiuliza maswali.

Na hao watoto wengine je? Wazazi wao wananifuata na kuniuliza kwa nini mwana wao anapoteza vipindi. Nao wana haki yao.

Mleta uzi

Mwalimu, hoja zako ni nzito, na baadhi yake ninazikubali bila kusita. Kuhusu Warnock, ninaona alichosema kinaunga mkono msimamo wangu kuliko kuupinga. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 na Campbell, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupitia tafiti, yaliyolinganisha watoto wenye mahitaji maalumu waliosoma katika madarasa ya kawaida na waliosoma kando, hayakukuta, kwa wastani, tofauti ya wazi katika ufaulu wala katika ustawi wao, huku yakikuta kwamba matokeo yanatofautiana sana kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Wapinzani wa elimu jumuishi huyasoma kama ushahidi wao. Mimi ninayasoma hivi: chumba peke yake hakifundishi mtu, na yule anayetafuta faida katika chumba ataikosa. Haki ya mtoto kuwa pamoja na wenzake inasimama kwa sababu nyingine, wala haihitaji kusubiri alama za mtihani.

Kuhusu gharama, nakubali kabisa. Kumbuka Italia, ambayo tangu sheria yake namba 517 ya mwaka 1977 iliondoa madarasa maalumu katika shule za kawaida. Sheria hiyohiyo iliweka ukomo wa wanafunzi 20 katika darasa lenye mtoto mwenye ulemavu, na ikaleta walimu wa kusaidia wenye utaalamu. Ukomo huo haukuheshimiwa kila mahali katika miongo iliyofuata, lakini angalau waliotunga sheria walielewa kwamba huwezi kuagiza ujumuishaji bila kupunguza idadi. Kwa utaratibu wa huko, mwalimu wa kusaidia hupangiwa darasa zima na hushirikiana na mwalimu wa somo katika kuandaa na kutathmini. Hilo linajibu kwa sehemu swali langu la awali. Kwa hiyo, shule inayokuletea mtoto bila kupunguza chochote katika mzigo wako imekukosea wewe pamoja na mtoto, na una haki ya kulisema hilo kwa maandishi.

Kuhusu wanafunzi wengine, mapitio ya tafiti ya mwaka 2007 yaliyofanywa na Afroditi Kalambouka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester yalikuta kwamba sehemu kubwa ya matokeo yalikuwa mazuri au hayakuonyesha athari yoyote kwa ufaulu wa wanafunzi wasio na mahitaji maalumu. Sitaki kulificha hili: mtoto mwenye tabia zinazovuruga kipindi ndiye anayeleta ugumu wa kweli, naye hafanani na mtoto kiziwi au mwenye kiti mwendo. Kuwaweka wote katika fungu moja na kulijadili fungu hilo kana kwamba ni kitu kimoja ni chanzo cha ugomvi mwingi usio wa lazima.

Sasa mtoto anayetoka mbio. Kabla ya kujadili adhabu au msaidizi, ninapendekeza uandike, kila linapotokea, mambo matatu kwa sentensi moja moja: kilichotokea dakika chache kabla, alichofanya, na kilichofuata baada yake. Baada ya muda mfupi mpangilio huanza kuonekana. Pengine hutoka kila kazi inapokuwa ya kunakili kutoka ubaoni, na anapotoka haandiki. Maana yake kutoka nje kunamwepusha na kuandika, na tatizo la kutibiwa ni mwandiko. Pengine hutoka wakati viti vinaburutwa na watu wanabadilisha makundi, na hapo tatizo ni kelele. Kwa sababu ya kwanza utampa njia nyingine ya kuonyesha anachojua. Kwa ya pili utamwambia kabla ya makundi kubadilishwa na kumpa kazi ya kupeleka daftari mahali fulani wakati huo, atoke kwa ruhusa. Akiendelea kutoka bila taarifa, basi suala la nani anamfuata ni la uongozi wa shule kulipangia utaratibu, ukiwa na jina la mtu anayehusika kwa kila kipindi. Hilo mwalimu mmoja asilibebe.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni kiziwi. Nimesoma mahali pote pawili, kwanza katika shule ya viziwi na baadaye katika shule ya kawaida, na ninawaomba mnaozungumzia "ujumuishaji kwa wote" mpunguze kasi kidogo.

Mnafahamu kwamba mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan na kuamua kwamba lugha ya alama iondolewe katika elimu ya viziwi, na kwamba kati ya wajumbe 164 kiziwi alikuwa mmoja tu. Vizazi vya viziwi vikafundishwa kusoma midomo na kufinyangwa sauti, mikono yao ikizuiwa, yote hayo kwa nia njema ya kuwafanya wafanane na jamii ya wanaosikia. Mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver mwaka 2010 ndio ulioyakataa rasmi maamuzi hayo na kueleza majuto. Kwa hiyo ninaposikia kwamba kila mtoto awekwe katika darasa la kawaida, ninauliza kwanza: atazungumza na nani, na kwa lugha gani? Mtoto kiziwi aliye peke yake miongoni mwa wanaosikia anaweza kuwa na kiti katikati ya darasa na bado akawa mpweke kuliko aliyetengwa. Lugha haijifunzwi kwa mkalimani mmoja. Inahitaji wenzako wa kutaniana nao, kugombana nao na kusimuliana nao.

Hata pale penye mkalimani, mambo madogo huharibu kipindi kizima. Mwalimu anasema, "Fungua ukurasa wa 40, tazama mchoro," kisha anaendelea kueleza. Macho yangu ni mawili na kazi ni mbili: nikitazama mchoro, nimemkosa mkalimani, nikimtazama mkalimani, sijauona mchoro. Ananiona nimeinamia kitabu na kudhani nimeelewa. Vilevile mkalimani hubaki nyuma ya mwalimu kwa sentensi moja au mbili, kwa hiyo swali linaponifikia, wanaosikia wameshanyoosha mikono na mmoja ameshajibu. Kwa miaka yote ya shule hiyo sikuwahi kuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na ripoti zangu zilisema ninapaswa kujitahidi kushiriki.

Nilichokihitaji kilikuwa kidogo: mwalimu anyamaze wakati ninatazama mchoro, asizungumze akiwa ameupa ubao uso, na wote wanyooshe mikono kwa ishara ya mkalimani akishamaliza.

Mleta uzi

Ndugu, nashukuru, na ninakiri kwamba mchango huu una uzito kuliko nyaraka nilizozitaja, ingawa nyaraka zenyewe zinakuunga mkono. Mwongozo wa utekelezaji uliofuatana na Tamko la Salamanca ulisema, katika aya yake ya 21, kwamba kutokana na mahitaji yao ya mawasiliano, viziwi na viziwi-wasioona wanaweza kufaa zaidi kusomea katika shule maalumu, au katika madarasa na vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida. Ibara ya 24 ya Mkataba nayo inazitaka nchi ziwezeshe kujifunza lugha ya alama na kuukuza utambulisho wa kilugha wa jamii ya viziwi, na ziajiri walimu wanaoimudu, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Wanaoinukuu ibara hiyo ili kufunga kila shule ya viziwi wanasoma nusu yake. Kitengo chenye viziwi wengi na walimu viziwi, kilicho ndani ya shule ya kawaida, kinanishawishi zaidi kuliko kumtawanya mtoto mmoja mmoja kila shule.

Niongeze jambo kwa wale wenye wanafunzi wanaotumia vifaa vya kusaidia kusikia. Kifaa hukuza kila sauti, pamoja na ya viti kuburutwa na mwangwi wa kuta tupu. Kiwango kinachotumika Marekani kwa madarasa ya kawaida kinataka kelele za chinichini zisizidi desibeli 35 darasa likiwa tupu, na mwangwi uishe ndani ya sekunde 0.6. Madarasa mengi hayafiki hapo, lakini vipande vya mpira au vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti, pazia na vitu vya nguo ukutani vinapunguza kelele kwa namna ambayo hata mwalimu ataisikia kooni mwake jioni.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mama wa mtoto mwenye usonji. Kuhusu msaidizi, nimeyaona uliyoyaeleza. Wenzake walikuwa wakifika asubuhi wanamuuliza msaidizi, "Leo ameamkaje?" huku mwenyewe amesimama hapohapo na anaweza kujibu, ila kwa kuchelewa. Hakuna aliyewafundisha kumuuliza yeye. Tulipokubaliana na mwalimu wa darasa kwamba msaidizi azungukie meza zote na kurudi kwake kwa vipindi tu, siku za mwanzo zilikuwa ngumu kweli, hata nikajuta, kisha mtoto mmoja wa meza ile akaanza kumwonyesha ukurasa kwa kidole. Siwezi kusema ni urafiki mkubwa, lakini sasa wanagombania kifutio kama watoto wengine.

Swali langu ni hili, Mwalimu. Mwanangu yuko nyuma ya wenzake kwa miaka kadhaa katika Hisabati. Wenzake wakifika kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yeye bado hana uhakika na nusu na robo. Wakati huo hupewa picha apake rangi. Je, hapo kuna ujumuishaji gani? Na mtihani wa mwisho wa mwaka atafanya upi?

Mleta uzi

Mama, picha ya kupaka rangi ni kazi ya kumnyamazisha, na una haki ya kuikataa. Mada moja inaweza kufundishwa kwa vina tofauti bila kumwondoa mtoto ndani yake. Tuseme kipindi kinahusu 1/2 + 1/4. Lengo la wenzake ni kutambua kwamba sehemu haziwezi kujumlishwa kabla asili hazijafanana, na kwa hiyo 1/2 igeuzwe kuwa 2/4. Lengo la mwanao katika kipindi hichohicho liwe kutenganisha nusu na robo, na kuonyesha kwamba robo mbili hutosha juu ya nusu moja. Apewe vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, akunje kimoja mara moja na kingine mara mbili, avikate, kisha aweke robo mbili juu ya nusu mbele ya kundi lake. Kundi linazihitaji karatasi hizo ili kuona kwa nini 1/2 ni sawa na 2/4, na jibu la robo tatu litapatikana juu ya meza kabla halijaandikwa kwenye daftari. Yeye amejifunza cha kwake, wao wamejifunza cha kwao, na kazi yake imetumika. Sitadai kwamba kila mada inakubali hivi kwa urahisi. Aljebra hunisumbua sana, na kuna siku mtoto anahitaji dakika kumi za mazoezi yake mwenyewe pembeni. Hizo dakika kumi si dhambi, mradi zimepangwa na zina lengo.

Kuhusu mtihani, zipo hatua za aina mbili ambazo shule huzichanganya, wakati mwingine kwa kutojua. Ya kwanza hubadili njia na kuacha kiwango kilivyo: muda wa ziada, chumba tulivu, karatasi ya maandishi makubwa au ya nukta nundu, mtu wa kumsomea maswali katika somo ambalo kusoma sicho kinachopimwa. Ya pili hubadili kiwango chenyewe, yaani mtoto anapimwa katika mambo machache au mepesi zaidi. Zote zinaweza kumfaa mtoto, lakini ya pili inaweza kugusa cheti atakachopata baadaye, na mzazi anapaswa kuelezwa hilo kwa maandishi kabla ya kukubali. Nimekutana na wazazi waliolijua wakati mlango umeshafungwa.

Ndiyo maana mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, yaani hati inayoandika malengo ya mtoto husika na msaada atakaopewa, una thamani kuliko unavyoonekana. Marekani iliufanya kuwa takwa la sheria tangu mwaka 1975, ukipitiwa angalau mara moja kwa mwaka na mzazi akiwa miongoni mwa waandaaji, na nchi nyingi zina mfano wake. Udhaifu wake mkubwa ni malengo yasiyopimika. "Ataboresha stadi zake za Hisabati" halimfungi mtu yeyote. Lengo linalofaa husema, kwa mfano, kwamba akipewa vipande kumi vilivyochanganywa vya nusu na robo, atavitenganisha bila kuelekezwa na kukosea visivyozidi kimoja, katika vipindi vitatu tofauti, na husema ni nani atakayempima na lini.

Katika kikao kijacho, omba uonyeshwe andalio la wiki inayofuata, si sera ya shule wala cheti cha mafunzo ya mwalimu. Tafuta ndani yake mstari unaoeleza mwanao atafanya nini wakati wenzake wanajumlisha sehemu, na mstari unaoeleza msaidizi atakuwa wapi wakati huo. Ukikuta haipo, kaeni muiandike papo hapo pamoja na mwalimu, kwa kuwa huenda naye hajawahi kuketi na mtu wa kuiandika naye. Ukipenda, iweke hapa nasi tuipitie.